Vitabu vya historia kwa watoto wa miaka 6 na 9 wanaosomea nyumbani: mnavichagua kwa vigezo gani?

Mama Wawili (Columbus, Ohio)

Wazazi wenzangu, salaam.

Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, na huu ni mwaka wa pili tunawasomesha watoto wetu nyumbani: binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Hisabati na kusoma hazinisumbui. Kinachoninyima usingizi ni historia, ambayo sheria ya hapa inamtaka mzazi aifundishe pamoja na masomo mengine, lakini haimwambii aifundishe kwa kitabu gani.

Mtaala tulioununua mwanzoni unafuata mzunguko wa miaka minne unaopendwa na familia nyingi za hapa: mwaka wa zama za kale, mwaka wa zama za kati, na kuendelea hivyo mpaka siku zetu. Umepangwa kwa uangalifu, nami sina nia ya kuudharau. Hata hivyo, baada ya Misri ya mafarao Afrika ilitoweka, ikaja kuonekana tena kurasa nyingi baadaye, ikiwa imefungwa minyororo ndani ya merikebu. Binti yangu alifunga kitabu akaniuliza, "Mama, kabla ya hapo babu zetu walikuwa wanafanya nini?" Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Kilwa, kwa hiyo nilianza kumweleza habari za Kilwa kwa furaha kubwa, lakini baada ya dakika tano nikawa sina la kuongeza.

Nikamwomba dada yangu aniletee vitabu kutoka Dar es Salaam. Alileta vitano. Viwili ni vya kiada, vyenye orodha za sababu na matokeo, na maswali ya mtihani kila mwisho wa sura; binti anavisoma kwa utii, lakini naona havimfikii moyoni. Kingine ni cha picha na kinahusu biashara ya utumwa. Nilikosea kumsomea mdogo kitabu hicho usiku kabla sijakipitia mwenyewe. Kina mchoro wa msafara wa watu waliofungwa shingoni, na mtoto akakaa siku tatu akiuliza kama watu wale wanaweza kufika hadi hapa kumchukua.

Naomba mnisaidie kwa yale mliyoyafanya wenyewe. Mnatambuaje kwamba kitabu kinamfaa mtoto wa umri fulani, ikiwa namba iliyoandikwa kwenye jalada haitoshi? Na habari nzito, kama utumwa na Vita vya Maji Maji, mnazifungua lini na kwa kiasi gani? Sitaki kuwaficha watoto wangu ukweli, na sitaki pia kuwatwisha mzigo ambao mabega yao hayajauweza.

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Mwanangu, salaam zako nimezipokea. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 31, na swali lako nililiona kila mwaka machoni pa watoto, hata pale ambapo wazazi wao hawakuliuliza.

Nianze na vitabu vya kiada, kwa kuwa naona unataka kuviweka kando. Usiviweke kando, bali vihamishe mikono. Kitabu cha kiada kimeandikwa kwa ajili ya darasa lenye mwalimu, ubao na vipindi vilivyohesabiwa. Kinatoa mifupa, na nyama inatarajiwa kutoka kinywani mwa mwalimu. Visome wewe usiku, kisha mchana msimulie binti yako ukiwa na kitabu cha ziada au picha mkononi. Kuhusu mdogo, usiwe na haraka. Huku nyumbani somo la Historia ya Tanzania na Maadili linaanza darasa la tatu, yaani mtoto akiwa na miaka minane au tisa, na kuna sababu: mtoto wa miaka sita ana jana, ana "nilipokuwa mdogo", ana "bibi alipokuwa mdogo", na nyuma ya hapo kila kitu kimerundikana mahali pamoja. Kwake Mwalimu Nyerere na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, wangeweza kukutana sokoni.

Kwa hiyo, kabla ya kitabu chochote, mpe wakati anaoweza kuushika. Chukua kamba ya urefu wa mita moja, ubandike ukutani, na kila sentimita moja iwe miaka 10. Siku yake ya kuzaliwa haitafika hata sentimita nzima. Uhuru wa Tanganyika wa 1961 utakuwa kwenye sentimita ya sita na ushee. Vita vya Maji Maji vya 1905 kwenye ya kumi na mbili. Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498 patakuwa kwenye sentimita ya hamsini na tatu hivi. Na Ibn Battuta, aliyeingia Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri, utamkuta karibu na ya sabini. Atakapokuuliza habari za nyayo za mababu wa binadamu huko Laetoli, zile zilizofukuliwa mwaka 1978 na kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey, zenye umri wa miaka milioni 3.6, mwambie kwamba kamba ingelazimika kutoka nje ya nyumba na kwenda kilomita tatu na nusu na zaidi. Nimeona watoto wakinyamaza kabisa kwa kulisikia hilo.

Kwa umri huo tafuta kitabu chenye mtu mmoja, au mahali pamoja, au kitu kimoja. Twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415 anatosha kwa wiki nzima: alipakiwaje chomboni, alikula nini njiani, waliompokea walidhani ni mnyama gani. Kitabu kinachojaribu kumpa mtoto wa miaka sita "historia ya Afrika" yote katika kurasa 40 kitamwachia majina tu, nayo hayatadumu.

Kwa binti wa miaka tisa kipimo changu ni vitenzi. Fungua kitabu popote uangalie nani anatenda. Tulikuwa na vitabu vilivyosema mmisionari Mjerumani Rebmann "aligundua" Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na tukawafundisha hivyo watoto wa Kichaga ambao mababu zao walilima migomba na kuchimba mifereji kwenye miteremko ya mlima huohuo. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo katika miaka yangu ya mwanzo, na ninasikitika. Angalia pia sentensi zisizo na mtendaji: "ngome ilijengwa", "watu walichukuliwa", "ardhi ilipotea". Ardhi haipotei. Sentensi chache za namna hiyo si kosa, lakini kitabu kilichojaa hizo kinamficha mtu, na mtoto mwenye akili atauliza ni nani.

Tazama na michoro, maana mtoto huiamini kuliko maneno. Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea lenye pande nane, na limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mchoraji akikuchorea Kilwa ya karne ya 14 kama vibanda vitatu vya nyasi na watu waliokaa kimya chini ya mti, kirudishe kitabu hicho, hata kama maandishi yake ni sahihi.

Maji Maji niliyafungua kwa watoto wa miaka tisa na kumi, na nilianza na pamba. Watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya utawala wa Kijerumani huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Mtoto wa umri huo anaielewa kazi ya kulazimishwa, na anaielewa njaa. Kitabu kinachoanza na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile na kuishia kwenye maji hayo kinamfanya mtoto awacheke wazee wake kwa kuamini kwamba risasi zingegeuka maji; kitabu kizuri kitamwonyesha kwamba imani hiyo iliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla ya hapo hawakuwahi kupigana bega kwa bega. Habari za mashamba na maghala yaliyochomwa, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi, nilizitaja kwa sentensi chache, na hesabu ya waliokufa niliiacha mpaka wafike miaka kumi na miwili.

Baba Pacha (Mombasa)

Shikamoo Mwalimu, na pole dada kwa siku zile tatu.

Pacha wangu wana miaka saba na sisi pia tunawasomesha nyumbani. Kwetu kitabu hakitangulii. Tunakwenda mahali kwanza, tunarudi na maswali, kisha tunasoma. Tulipokwenda Ngome Yesu, walihesabu mizinga, wakapapasa kuta, na mmoja akauliza mawe yale yalibebwa na nani. Nilikuwa na vitabu vitatu nyumbani. Vyote vilisema Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba ramani yake ilichorwa na Mwitaliano Cairati, na kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Hakuna hata kimoja kilichomtaja mbeba mawe. Tangu siku hiyo swali la mbeba mawe ndilo ninaloingia nalo dukani.

Wewe uko mbali na ngome, lakini huenda huko mbali na vitu. Makumbusho mengi yameweka picha za vitu vyao mtandaoni, na sarafu moja ya Kilwa inayoonekana vizuri itamfungulia binti yako mlango kuliko sura nzima. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hadi Great Zimbabwe, na nyingine zikaokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwache ajiulize zilifikaje huko.

Kuna jambo moja ninaloliongeza kwa sababu umetaja Kilwa. Vitabu vya watoto hupenda kusimulia jinsi Ali bin al-Hasan, sultani wa kwanza wa Kilwa, alivyokinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote, na jinsi mfereji ulivyochimbwa baadaye ili mwenye kisiwa asiweze kurudi kwa miguu. Ni hekaya tamu, nami nawasomea watoto wangu. Lakini kitabu nilichokichagua kinaanza kwa kusema "wazee wa Kilwa wanasimulia", wakati kingine nilichokiacha kinaisimulia kama vile mwandishi alikuwa amesimama ufukweni akipima nguo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kutofautisha yale yaliyosimuliwa na yale yaliyofukuliwa ardhini, ikiwa mwandishi amemsaidia. Ndivyo ilivyo pia kwa Mekatilili wa Menza: tunajua kwamba aliwahamasisha Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya kodi na kazi za lazima, na kwamba Waingereza walimhamishia Kisii, lakini namna alivyotembea kwa miguu kurudi pwani tunaisikia zaidi kwa wasimulizi, nayo ina thamani yake hapohapo ilipo.

Bint Unguja (Muscat)

Assalaam aleikum dada, na nyote mliotangulia.

Nimesoma habari za mwanao nikaona lazima niandike, kwa sababu katika nyumba yetu jambo hili lina pande mbili zinazouma. Watoto wangu wana miaka 7 na 10. Kwa upande wa baba yao wanasikia habari za shamba la karafuu la babu, harufu yake na kivuli chake. Kwa upande wangu yuko bibi mzaa bibi ambaye aliletwa Unguja akiwa msichana, na jina alilopewa na mama yake hatulijui. Basi nikisema nitafute kitabu cha historia kinachowafaa watoto hawa, ninatafuta kitabu ambacho mtoto mmoja anaweza kukisoma akiwa mjukuu wa pande zote mbili.

Nilikutana na vitabu vya aina mbili ambavyo nimevikataa. Vya kwanza vinaeleza karafuu, majumba na milango ya nakshi bila kumtaja aliyezichuma zile karafuu. Vya pili vinamchora Mwarabu na mjeledi katika kila ukurasa, kana kwamba ukatili ni tabia ya kabila moja, na havisemi kitu juu ya wauzaji wa bara wala juu ya masoko ya mbali yaliyotaka pembe na karafuu. Mtoto anayelelewa kwa aina ya kwanza anajifunza uongo kwa njia ya ukimya, na wa aina ya pili anajifunza kumchukia babu yake au kujichukia mwenyewe.

Mdogo nilimwambia hivi alipokuwa na miaka sita, na sikutumia kitabu chochote: zamani watu waliuzwa na kununuliwa, ilikuwa dhuluma, na waliouzwa walikuwa na majina, na mama, na nyimbo zao. Baadaye sheria zikabadilishwa, na leo hakuna serikali inayoiruhusu biashara hiyo. Nadhani neno hilo la mwisho ndilo mwanao alilokosa. Mtoto mdogo kwanza anataka kujua kama yuko salama. Ukiisha kumjibu hilo, anaweza kusikia mengine. Minyororo iliyochorwa niliiacha kabisa, na habari hizi huwa tunazisoma asubuhi.

Mkubwa nilimfungulia zaidi alipofika miaka tisa: njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, soko la watumwa la Mkunazini huko Unguja, nani alinunua na kwa kazi gani. Hapa kuna kipimo kidogo ambacho kimenisaidia sana dukani. Tafuta mwaka 1873 katika kitabu. Kitabu kikisema kwamba mwaka huo utumwa uliisha Zanzibar, ujue mwandishi hakufanya kazi yake. Kilichotokea mwaka 1873 ni kwamba Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Waliokuwa mashambani waliendelea kuwa watumwa. Hadhi ya utumwa katika sheria ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika haikufutwa mpaka 1922. Binti yangu alipouliza hao watu walingoja miaka mingapi, tulikaa tukahesabu: miaka 24 kwa Unguja, na 49 kwa bara. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama bibi yetu alikuwa miongoni mwao. Nilimwambia ndiyo, kwa miaka tunayoijua huenda alikuwa miongoni mwao.

Na mwisho, dada, usiogope kutengeneza kitabu chako mwenyewe. Mpigie simu mama yako, mrekodi akieleza babu wa Kilwa aliishi wapi, alivua au alilima nini, alikula nini siku ya Idi. Andika sentensi mbili kila ukurasa, na watoto wachore. Kwetu ndicho kitabu kilichochakaa kuliko vyote.

Mama Wawili (Columbus, Ohio)

Mwalimu, shikamoo, na nyote ahsanteni kwa kunijibu kwa upana huu. Nimesoma majibu yenu mara tatu.

Kamba tumeibandika kwenye ukuta wa ukumbini. Mdogo ameweka picha yake mwanzoni kabisa, na picha ya bibi yake kwenye sentimita ya saba. Jumamosi tulikwenda kwa miguu hadi maktaba, ambayo kwa bahati iko karibu kilomita tatu na nusu kutoka nyumbani, na tulipofika mlangoni nikamwambia kwamba kamba yake ingeishia kidogo mbele ya hapo. Alitaka kuendelea mpaka Laetoli yenyewe, tukaendelea hadi kwenye kituo cha basi. Nimemweleza pia, kwa maneno ya Bint Unguja, kwamba watu wale wa kwenye mchoro hawawezi kumfuata, na amelala vizuri.

Vitabu viwili nimevirudisha kabatini kwa kipimo cha vitenzi, na kile cha biashara ya utumwa kimeshindwa vilevile kwa kipimo cha mwaka 1873. Nimebakiza swali moja. Miongoni mwa vile vitano kuna kitabu cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambacho binti yangu anakipenda sana, naye bado hajafika sura ya mwisho. Sura hiyo inaeleza alivyojiua, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Je, nimzuie?

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Marahaba, mwanangu.

Mimi nisingemzuia, lakini nisingemwacha aifikie peke yake. Kaa naye kwanza kwenye Lugalo, alikowashinda Wajerumani mwaka 1891, na kwenye kuta za ngome yake ya Kalenga zilizovunjwa mwaka 1894, ili amjue Mkwawa kama kiongozi aliyepanga, aliyejenga na aliyekataa, kwa sababu vitabu vingi vya watoto humkimbiza haraka kuelekea kifo chake. Ukifika mwaka 1898, mwambie kwa kinywa chako kabla hajasoma: alikuwa mgonjwa, amezungukwa, na alichagua kutokamatwa. Usimsifie tendo la kujiua kuwa ushujaa, na usimlaumu aliyelitenda. Mtoto wa miaka tisa huchukua neno la mzazi kama lilivyo.

Kuhusu fuvu, watoto wengi niliowafundisha hawakutishwa nalo kama wazazi walivyodhani. Walichokitaka ni kujua kama lilirudi. Basi usiishie mahali kitabu kinapoishia, kama kinaishia Ujerumani. Mwambie kwamba Wahehe hawakuacha kulidai, kwamba lilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na kwamba lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, ambako liko mpaka leo katika jumba la makumbusho. Kwenye kamba yenu hiyo ni sentimita ya saba, mahali palepale mtoto alipoweka picha ya bibi yake.